Jinsi ya kuomba leseni ya utafiti nchini Kenya bila kukwama kati ya idara

Anayetaka kufanya utafiti Kenya, awe mwanafunzi wa uzamili anayehoji walimu Kisii au mtaalamu wa kigeni anayechunguza popo wa Taita, anahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, inayojulikana zaidi kama NACOSTI. Tume hii ilianzishwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, Na. 28 ya mwaka 2013, ikarithi kazi za baraza lililokuwepo chini ya sheria ya 1977. Sheria inaipa majukumu mawili yanayomgusa mwombaji moja kwa moja: kutoa leseni, na kuratibu idara za serikali zinazoshughulika na utafiti.

Hilo jukumu la pili ndilo hueleweka vibaya. Kuratibu hakufuti vibali vya idara nyingine. Mazingira yana NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, na kanuni zake, wanyamapori wana sheria yao, mambo ya kale yana yake, dawa zina yake. Idara hizi hutegemeana karatasi: moja haipokei faili mpaka ione barua ya nyingine. Anayejua nani anamsubiri nani humaliza mapema. Asiyejua huzunguka na faili moja huku tarehe za barua zake zikipita.

Mambo manne ya kuamua kwanza

Kabla ya kugusa mfumo wa maombi, andika kwenye karatasi moja kichwa kamili cha utafiti, kaunti utakazofikia, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kama kuna sampuli yoyote itakayochukuliwa au kutoka nje ya nchi. Mambo haya manne yataonekana katika kila hati, na lazima yafanane neno kwa neno. Kichwa kikisema "wakulima wadogo wa Kitui" kwenye barua ya maadili (idhini ya kamati inayokagua kama utafiti unawalinda washiriki) na "wakulima wa ukanda mkavu" kwenye andiko la utafiti, anayepitia faili ana haki ya kuuliza ni utafiti upi ulioidhinishwa. Msimamizi wako akikushauri ubadilishe kichwa, kibadilishe kabla ya kwenda kwa kamati ya maadili. Ukikibadilisha baadaye, itabidi uirudie kamati ili ikupe marekebisho kwa maandishi.

Kuhusu kaunti, usiandike "Kenya nzima" kwa kujihami. Kenya ina kaunti 47, na leseni ni ya mahali palipotajwa. Taja zile utakazofika kweli, pamoja na ile utakayofanyia majaribio ya dodoso. Hiyo ya majaribio husahaulika mara nyingi, kisha mtafiti anajikuta shuleni au hospitalini katika kaunti ambayo haimo kwenye leseni yake.

Barua ya maadili

Utafiti unaohusisha watu, taarifa zao za afya au wanyama hupitia kamati ya maadili ya utafiti kwanza. Vyuo vikuu vingi, hospitali kubwa za rufaa na taasisi kama KEMRI, ile ya kitaifa ya utafiti wa tiba, zina kamati zao. Jambo la kuhakikisha ni kwamba kamati hiyo imeidhinishwa na NACOSTI, na kwamba idhini yake haijaisha muda. Mtafiti wa kigeni mwenye barua ya maadili kutoka chuo chake cha nyumbani bado anahitaji ya kamati ya Kenya. Ile ya nje iambatishe kama nyongeza tu.

Barua ya maadili kwa kawaida huwa na muda wa mwaka mmoja. Hapa hesabu ni muhimu: ukiipata Januari ukakaa nayo hadi Septemba ndipo uombe leseni, utaingia uwandani ukiwa umebakisha miezi michache, na leseni haitafufua barua iliyokufa. Omba leseni mara tu barua ya maadili inapotoka. Kama kazi itavuka mwaka, weka kwenye kalenda tarehe ya kuomba kuongezewa muda kwa kamati, miezi miwili kabla ya mwisho.

Kujaza maombi

Maombi hufanywa mtandaoni kupitia mfumo wa NACOSTI wa usimamizi wa taarifa za utafiti, ambao watafiti huuita RIMS. Fungua akaunti kwa barua pepe utakayoendelea kuitumia hata baada ya kuhitimu, maana ripoti ya mwisho hupakiwa humo humo na anwani ya chuo huenda ikawa imefungwa. Majina yafuate kitambulisho au pasipoti kama yalivyo. Aliyebadilisha jina baada ya ndoa na bado ana kitambulisho cha zamani aandike lililo kwenye kitambulisho, kisha ahakikishe barua ya chuo imelitaja hilo hilo. Picha utakayopakia ndiyo itakayochapishwa kwenye leseni, na wewe utaionyesha leseni hiyo kwa chifu, mwalimu mkuu na askari wa lango. Weka picha ya pasipoti iliyo wazi.

Viambatisho vya msingi ni andiko la utafiti pamoja na dodoso au miongozo ya mahojiano, nakala ya kitambulisho au pasipoti, barua ya utambulisho kutoka chuo au taasisi yako, na barua ya maadili pale inapohitajika. Barua ya utambulisho iwe kwenye karatasi yenye nembo, iwe na tarehe ya karibuni, sahihi na muhuri, na itaje kichwa cha utafiti na kiwango chako cha masomo. Mtafiti wa kigeni anaongeza barua ya taasisi mwenyeji ya Kenya inayokubali kushirikiana naye. Barua hiyo ianze kutafutwa mapema kuliko zote, maana taasisi nyingi hutaka kwanza kusoma andiko na kukubaliana juu ya nani atabaki na data, na nani ataandikwa kwenye machapisho. Mgeni akumbuke pia kwamba idhini ya kuingia nchini kama mtalii haimruhusu kufanya utafiti. Hadhi yake ya uhamiaji ilingane na kazi anayoifanya.

Andiko lenyewe lieleze mbinu kwa undani unaomwezesha mtu asiye wa fani yako kuona utakachomfanyia mshiriki: utamchukua damu au utamuuliza maswali, utamrekodi sauti au la, data itahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu data binafsi utakayokusanya, hivyo sehemu hii isiwe sentensi moja ya kujikinga.

Ada hutegemea uraia na kiwango: mwanafunzi wa Kenya hulipa kidogo kuliko taasisi, na mgeni hulipa zaidi. Tumia jedwali lililo kwenye mfumo siku hiyo, wala usifuate kiasi ulichoambiwa na mwenzako wa mwaka jana. Lipa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa kwa ombi lako. Malipo yaliyoingia kwa namba nyingine hayaonekani kwenye faili yako, na kuyafuatilia huchukua muda mrefu kuliko ombi lenyewe.

Leseni ikitoka huwa na namba inayoanza na NACOSTI/P, ikifuatiwa na mwaka, na msimbo wa QR wa kuithibitisha. Isome yote, hasa jina, kaunti na tarehe ya mwisho. Kosa likiwa la mfumo au lako, liombee marekebisho kabla hujatoa nakala hata moja.

Vibali vinavyofuata leseni

Masharti ya leseni yanasema wazi kwamba uchimbaji, upigaji filamu na ukusanyaji wa sampuli huhitaji idhini zaidi za idara husika, na kwamba leseni haikupi ruhusa ya kuhamisha nyenzo za utafiti.

Wanaokwama zaidi ni watu wa mimea, wadudu na vijidudu. Kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki (yaani chembe za urithi za mimea, wanyama na vijidudu), zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinamtaka mwombaji wa kibali cha NEMA alete ushahidi wa ridhaa iliyotolewa mapema na wenye rasilimali na idara zinazozisimamia, pamoja na idhini ya utafiti. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza zungumza na jamii au msimamizi wa msitu upate ridhaa kwa maandishi, kisha leseni ya NACOSTI, kisha NEMA. Ukienda NEMA kwanza utarudishwa. NEMA nayo hutangaza ombi hadharani ili umma utoe maoni, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kwa kukisia. Kibali chake hudumu mwaka mmoja. Sampuli ikitoka nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha nyenzo, unaosema nani anaipokea na ataitumia vipi, na mimea huhitaji pia cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Kanuni hizo zina msamaha kwa utafiti wa kielimu unaofanywa ndani ya Kenya na taasisi zinazotambuliwa za Kenya, lakini msamaha huo hauvuki mpaka pamoja na sampuli.

Wanyamapori hupitia Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, WRTI, iliyoundwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na kuingia mbugani hupangwa na KWS, shirika la huduma kwa wanyamapori. Kuchimba mabaki ya kale kunahitaji leseni ya uchunguzi chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Majaribio ya dawa kwa binadamu yapo chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, na viumbe vilivyobadilishwa kijenetiki vipo chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia.

Kwenye kaunti

Leseni inakutaka umjulishe Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na Gavana kabla ya kuanza. Watatu hawa hawawakilishani: Kamishna na Mkurugenzi ni wa serikali ya kitaifa, Gavana ni wa serikali ya kaunti. Peleka nakala za leseni na barua ya utambulisho kwa kila ofisi, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kwa kuwa katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti hospitali zao, mtafiti wa afya huhitaji pia barua ya idara ya afya ya kaunti, na mara nyingi ya msimamizi wa hospitali yenyewe. Barua ya Kamishna haitamfungulia mlango wa wodi.

Kuongeza muda na kumaliza

Leseni kwa kawaida ni ya mwaka mmoja na haihamishwi kwa mtu mwingine. Mwenzako akichukua mradi, aombe yake. Ukihitaji muda zaidi, omba kabla haijaisha na uambatishe ripoti ya maendeleo. Hakikisha barua ya maadili nayo imeongezwa, kwani moja bila nyingine haitoshi.

Utafiti ukiisha, una mwaka mmoja wa kuwasilisha nakala moja iliyochapishwa na kupakia nakala ya kielektroniki ya ripoti au tasnifu kwenye mfumo. Wengi hulipuuza sharti hili kwa kuwa cheti cha chuo kimeshapatikana, ilhali ripoti hizo ndizo zinazoiwezesha serikali kujua nani amechunguza nini, na wapi, ili kaunti moja isihojiwe kila mwaka juu ya jambo lile lile. Kama jamii au shule ilikupokea, wapelekee muhtasari wa matokeo kwa lugha wanayoisoma, siku ile ile unayopakia ripoti.