Faili Iliyogoma Kutoka Kwenye Deskitopu

Juzi jioni mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptopu hapa saibani kwangu, Kondele. "Nyathina, hii kitu naifuta tangu Jumapili. Nikiifuta, inanitazama tu." Ilikuwa ikoni nyeupe yenye jina "barua ya harambee.", imekaa katikati ya picha ya wajukuu wake wakila samaki Dunga.

Swali langu la kwanza: umeizima na kuiwasha? Akasema kila siku. Kumbe huwa anafunika kifuniko tu! Huko ni kuilaza. Wewe chagua Restart, kwa sababu hata Shut down ya Windows 10 na 11 kwa kawaida huacha kiini cha mfumo kimehifadhiwa kwenye diski.

Ikirudi ingali na faili ile, soma ujumbe unaotokea ukijaribu kufuta. Watu hubofya OK kabla hawajausoma, halafu wananiambia kompyuta ina virusi. Ukisema faili imefunguliwa kwingine, basi kuna programu imeishika, na mara nyingi itatajwa hapo hapo. Ifunge.

Isipotajwa, bonyeza kitufe cha Windows, andika resmon (kifaa cha Windows cha kuonyesha programu zinatumia nini), kisha Enter. Ingia kichupo cha CPU, na kwenye kisanduku cha Associated Handles andika kipande cha jina la faili. Mshikaji atajitokeza. Akiwa Word au kisoma PDF, hifadhi kazi yako kwanza, ndipo umfunge. Akiwa explorer.exe, yaani programu inayoonyesha folda na deskitopu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, tafuta Windows Explorer, chagua Restart; skrini itapepesa kidogo, usishtuke. Akiwa System, yaani mfumo wenyewe wa Windows, mwache kabisa.

Kwa mzee, resmon haikuonyesha kitu. Ujumbe wake ulikuwa tofauti: Windows ilidai haiioni faili hiyo, na iko mbele ya macho yetu! Hapo nikatazama jina tena. Ile nukta ya mwisho. Windows hukata nukta au nafasi iliyo mwishoni mwa jina, kwa hiyo ilikuwa inatafuta "barua ya harambee" bila nukta, ambayo haipo. Programu nyingine, hasa zilizozoea Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, huandika majina ya namna hiyo bila shida.

Dawa yake: fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, uandike hivi, ukiweka jina la akaunti yako palipo na mwalimu:

del "\\?\C:\Users\mwalimu\Desktop\barua ya harambee."

Alama za kunukuu usiziache. Zile \\?\ ndizo zinazoiambia Windows ichukue jina jinsi lilivyo, isikate chochote. Deskitopu yako ikiwa chini ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, njia itakuwa na OneDrive kabla ya Desktop. Kama hakuna nukta inayoonekana, jaribu kuweka nafasi moja kabla ya alama ya kufunga. Na ukague mara mbili kabla ya Enter: del haipitishi kitu kwenye pipa la taka, kikienda kimeenda.

Nikabonyeza F5. Ikoni haikuwepo. Mzee akainamia skrini, akaanza kuhesabu wajukuu kwa kidole. Yule mdogo alikuwa amezibwa uso siku hizo zote.