Jinsi ya Kuyatazama Majengo ya Lisbon kwa Kipimo cha Tetemeko la 1755

Mgeni anayekwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa likizo fupi kwa kawaida hukabidhiwa orodha ndefu ya mahali pa kutembelea, akazimaliza siku zake katika foleni, na akarudi kwao na mamia ya picha asizoweza kueleza ni za nini. Mwongozo huu unapendekeza utaratibu mwingine. Ichukue tarehe moja, 1 Novemba 1755, uifanye kipimo cha kila jengo utakalosimama mbele yake. Asubuhi ya siku hiyo, ambayo ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa waumini na mishumaa ikiwaka altareni, tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji. Baadaye mawimbi ya tsunami yakapanda kupitia mto Tejo, na moto ukateketeza kwa siku kadhaa vingi vya vile vilivyokuwa vimesalia. Tangu hapo Lisbon imekuwa na miji miwili ndani yake, mmoja ulionusurika na mwingine uliojengwa upya kwa amri ya serikali, na mtu anayejua yupo katika mji upi kati ya hiyo miwili huona mambo ambayo kitabu cha watalii hakimwonyeshi.

Siku tatu zinatosha kwa kazi hii, mradi usijaribu kuona kila kitu. Kabla ya kupanga lolote, fahamu kwamba makumbusho mengi ya serikali, pamoja na Monasteri ya Jerónimos, hufungwa Jumatatu, na kwamba majengo ya kale hufungwa pia kwa miezi mingi ya ukarabati. Hivyo angalia tovuti ya kila mahali kabla ya kununua tiketi, na Jumatatu uiweke iwe siku ya kutembea mitaani, ambako hakuna mlango wa kufungwa.

Anzia Belém, si katikati ya mji

Wengi huanzia kwenye uwanja mkubwa ulio kando ya mto kwa sababu ndipo usafiri unapowashusha. Ni afadhali kuanzia Belém, takriban kilomita sita upande wa magharibi, kwa kuwa huko tetemeko halikuleta maafa kama ya katikati ya mji, na ndiko unakoweza kuona jinsi Lisbon ya karne ya 16 ilivyotaka kuonekana. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne hiyo kwa amri ya Mfalme Manuel I, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa zilizotoka Afrika na nchi za Mashariki. Msomaji kutoka pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kuambiwa bidhaa hizo zilipitia bandari zipi.

Usikimbilie mlangoni. Vuka barabara kwanza, uingie katika bustani iliyo mbele ya monasteri, na uutazame ukuta wote kwa pamoja. Utaona kwamba sehemu kubwa ya ukuta huo ni tupu kabisa, na kwamba nakshi zote zimekusanywa mahali pachache, hasa kwenye mlango wa kusini wenye kimo cha mita 32, uliochongwa chini ya usimamizi wa João de Castilho. Utupu huo ndio unaoupa mlango nguvu. Ukuta mzima ungechongwa kwa wingi ule, jicho lisingejua pa kutua. Baada ya hapo sogea karibu ukausome mlango kutoka chini kwenda juu, ngazi kwa ngazi: watakatifu waliosimama ndani ya vibanda vya mawe, Mwanamfalme Henrique kwenye nguzo ya kati, na Bikira Maria juu yake. Halafu geuka kona. Mlango mkuu wa kanisa kwa hakika ni ule wa magharibi, kazi ya Nicolau Chanterene, ambao ni mdogo zaidi na umefunikwa na jengo lililoongezwa baadaye, kiasi kwamba watu hupita chini yake wakitafuta tiketi mifukoni bila kuinua macho. Kwa maoni yangu sanamu zake, hasa zile za mfalme na malkia waliopiga magoti, ni bora kuliko za mlango mkubwa.

Ukitazama nakshi kwa karibu, tafuta vitu vitatu vinavyorudiwa: kamba za merikebu zilizosokotwa, msalaba wa Shirika la Kristo (shirika la kidini na kijeshi la Ureno), na tufe la pete, yaani tufe lililoundwa kwa pete zilizopishana, lililotumiwa na wanamaji na wanajimu. Vitu hivyo ndivyo alama za mtindo uitwao Manueline, kwa jina la mfalme huyo, na ukishavizoea hapa utavitambua kwenye Mnara wa Belém ulio karibu, na hata kwenye stesheni ya reli ya Rossio, ambayo ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga mtindo huo.

Ndani ya kanisa, fuata kanuni rahisi: keti kwanza, piga picha baadaye. Nguzo ni nyembamba kuliko unavyotarajia kwa dari ya kimo kile, na mbavu za mawe zinatawanyika kutoka kwenye vichwa vya nguzo hizo mpaka zinakuwa wavu mmoja juu ya sehemu zote tatu za ukumbi. Tembea hadi mahali ambapo mikono ya msalaba wa kanisa inakutana, uinue kichwa, na utambue kwamba dari ya hapo haina nguzo hata moja katikati. Hiyo ndiyo dari iliyobaki juu mwaka 1755, wakati makanisa mengi ya mjini yaliporomoka juu ya watu wake.

Karibu na mlango, upande wa kushoto unapoingia, kuna kaburi la Vasco da Gama, na upande wa pili la mshairi Luís de Camões. Makaburi yote mawili ni ya karne ya 19, ingawa yamechongwa yafanane na ya kale. Yatumie kwa zoezi la macho: linganisha kamba zilizochongwa juu yake na zile za nguzo za kanisa, na utaona kwamba za kaburini ni safi mno na zinalingana kupita kiasi, ilhali fundi wa karne ya 16 alibadilisha mkono wake kutoka nguzo moja hadi nyingine. Mbele, karibu na altare kuu, majeneza ya wafalme yamebebwa na tembo wa marumaru.

Ukirudi mjini siku hiyo hiyo, shuka njiani kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, katika mtaa wa Janelas Verdes, hata kama makumbusho hayo si ya majengo. Humo imo monstransi ya Belém, chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, kilichotengenezwa kwa ajili ya monasteri uliyotoka kuiona. Maandishi yaliyo kwenye kitako chake yanasema kwamba kilitengenezwa kwa dhahabu ya ushuru wa Quiloa, yaani Kilwa, na kikamalizika mwaka 1506. Dhahabu hiyo Vasco da Gama aliitoza kwa vitisho vya mizinga katika safari yake ya pili, mwaka 1502. Kitazame kama unavyotazama jengo, kwa sababu ndivyo kilivyobuniwa: kina msingi, nguzo, vibanda vya watakatifu, na kilele, na tufe za pete ni zile zile za ukutani. Mwenye kuyajua magofu ya Kilwa Kisiwani atasimama hapo kwa muda mrefu kuliko wengine.

Alfama na ukuta wenye nyakati mbili

Siku ya pili ni ya Alfama, mtaa wa kilimani ulio chini ya Ngome ya São Jorge, ambao mpangilio wake umetokana na karne za utawala wa Waislamu uliokoma mwaka 1147. Nyumba nyingi za sasa ni za baadaye, lakini njia ni za zamani: nyembamba, zenye ngazi, zikipinda kila hatua kumi, na mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hatahitaji ramani ili ajisikie yupo mahali anapopaelewa. Tembea kwa kushuka, si kwa kupanda. Tramu au basi likupandishe hadi Portas do Sol, kisha miguu ikushushe polepole hadi mtoni.

Kabla ya kushuka, pita kwenye kanisa dogo la Santa Luzia lililo hapo karibu. Ukuta wake wa nje una picha ya vigae inayoonyesha uwanja wa ikulu ya mfalme kando ya mto kabla ya tetemeko. Itazame vizuri na uikumbuke, kwa sababu kesho utasimama katika uwanja huo huo na ikulu haitakuwapo.

Chini kidogo utalikuta Kanisa Kuu, lililoanzwa mara tu baada ya mji kutekwa mwaka 1147, penye msikiti wa awali, na linaloonekana zaidi kama boma kuliko kanisa. Hapa ukarabati wa karne ya 20 ulikuwa mkubwa, kwa hiyo usiamini kila jiwe. Jengo linalofundisha zaidi ni dogo na liko chini, karibu na mto: Casa dos Bicos, nyumba iliyojengwa mwaka 1523 kwa ajili ya mwana wa kamanda wa Kireno Afonso de Albuquerque, yule yule aliyeishambulia Muscat mwaka 1507. Uso wake umejaa mawe yaliyochongwa ncha kama almasi. Ghorofa mbili za juu zilipotea mwaka 1755 na hazikurudishwa hadi miaka ya 1980. Simama ng'ambo ya barabara na ujaribu kuona kwa macho yako mwenyewe ni wapi kazi ya zamani inapoishia na ya sasa inapoanzia, kabla ya kusoma kibao chochote.

Baixa, mji uliojengwa kwa amri

Siku ya tatu shuka hadi Praça do Comércio, uwanja mkubwa ulio kando ya mto, ambao wenyeji bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa ikulu. Mfalme José I, ambaye sanamu yake ya farasi ya mwaka 1775 inatazama mto, aliogopa sana kulala chini ya dari ya mawe baada ya tetemeko, na ikulu yake ikahamia katika majengo ya mbao kwenye kilima cha Ajuda. Aliyeujenga mji upya ni waziri wake, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, pamoja na wahandisi Manuel da Maia, Eugénio dos Santos na Carlos Mardel.

Watalii wengi huiona Baixa, mtaa wa chini ulio nyuma ya uwanja huo, kuwa mtaa wa maduka tu, nyumba zote sawa, hakuna cha kutazama. Usawa huo ndio wa kutazamwa. Tafuta mahali pa juu, kwa mfano juu ya tao la Rua Augusta, uone mitaa iliyonyooka, kisha urudi chini na ulisome jengo moja tu: maduka chini, madirisha yenye roshani kwenye ghorofa ya kwanza, madirisha ya kawaida juu yake, na yote kwa vipimo vilivyowekwa mapema ili mawe na mbao viweze kuchongwa kwa wingi kabla ya kufikishwa kwenye kiwanja. Inua macho hadi paani utaona kuta zinazopanda juu ya vigae kati ya nyumba na nyumba. Hizo ni za kuzuia moto usivuke. Jambo kubwa zaidi limefichwa: ndani ya kuta mna kiunzi cha mbao zilizopishanishwa kwa umbo la msalaba wa X, kinachoitwa gaiola, yaani kizimba, ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Baadhi ya hoteli na mikahawa imeacha kipande cha kiunzi hicho wazi ukutani, nawe unaweza kuomba kwa adabu kuonyeshwa.

Malizia siku kwenye majengo mawili yaliyobaki na majeraha yake. Kanisa la Carmo, lililoanzishwa mwaka 1389, lilipoteza dari, na jitihada za kulijenga upya zikaachwa mwaka 1834. Sasa matao yake yamebeba anga tupu. Hufungwa Jumapili. Ukikuta foleni ndefu kwenye lifti ya chuma ya Santa Justa, achana nayo, maana daraja lake la juu linafikika kutoka kando ya Carmo kwa miguu. Kanisa la São Domingos, karibu na Rossio, liliharibiwa na tetemeko na baadaye likaungua tena mwaka 1959. Walilirudishia dari, lakini nguzo zilizopasuka kwa moto ziliachwa zilivyo. Ingia kimya, kofia mkononi, na kama misa inaendelea, keti nyuma au urudi baadaye.

Yamebaki mambo ya miguuni na mfukoni. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyong'arishwa na nyayo, na mvua ikinyesha huteleza vibaya, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ya mpira na usitembee huku ukitazama juu: simama, ndipo utazame. Tramu namba 28 inapita mahali pazuri lakini hujaa mno, na wezi wa mifukoni wanaijua kuliko wewe. Ipande asubuhi mapema au usiipande. Mwisho, vigae vya kale vinavyouzwa kimoja kimoja kwenye masoko ya vitu vilivyotumika usivinunue, kwa sababu baadhi yake vimebanduliwa kwenye kuta za watu. Viwanda vya vigae vipya vipo, na duka zuri litakupa risiti.