Jinsi ya Kuchagua Programu ya Foniksi kwa Mtoto wa Chekechea Anayesomea Nyumbani

Foniksi ni njia ya kufundisha kusoma kwa kuanzia na sauti ya herufi, kisha kuziunganisha sauti hizo mpaka neno litoke. Programu za foniksi ya Kiingereza ni nyingi, na karibu zote zimejaa nyimbo, rangi na vibandiko. Visikuyumbishe. Tazama mpangilio wa sauti, vitabu vya kusomea na namna irabu zinavyofundishwa. Kama mtoto wako anazungumza Kiswahili, hilo la irabu ndilo linaloangusha wengi.

Hatua ya 1: Mpime mtoto kabla ya kupima programu

Dakika 10 zinatosha, bila karatasi. Tamka neno la Kiswahili sauti moja moja, k-u-k-u, umuulize umesema nini. Fanya maneno 5. Kisha geuza: mpe neno kama "meza", akuambie linaanza na sauti gani. Jibu unalolitafuta ni "mmm". Akisema "me", bado anasikia silabi nzima. Hilo ni la kawaida kabisa, ila akikosa zaidi ya maneno 2 kati ya 5 tafuta programu inayoanza na michezo ya kusikiliza kwa wiki 2 au 3 kabla ya herufi yoyote.

Halafu mwonyeshe herufi ndogo 26 zikiwa zimechanganywa. Hesabu zile anazozijua kwa sauti, si kwa jina. Anayeimba "ei, bii, sii" vizuri bado hajapata cha kusomea: "sii-ei-bii" hata ukiitamka upesi namna gani haiwi "cab".

Hatua ya 2: Omba orodha ya masomo, uisome yote

Programu isiyoweza kukuonyesha orodha ya sauti zake tangu somo la kwanza hadi la mwisho, iache. Mwaka 2000 jopo la wataalamu wa usomaji nchini Marekani lilihitimisha kwamba foniksi inayofundishwa kwa mpangilio maalumu huwasaidia watoto kuliko ile ya kudokoa hapa na pale, hasa ikianza mapema.

Mpangilio mzuri haufuati a, b, c. Programu nyingi nzuri huanza na s, a, t, p, i, n, kwa sababu herufi hizo 6 peke yake zinatoa sat, pin, tap, nip, tin na mengine mengi, na mtoto anasoma maneno kamili ndani ya wiki ya pili. Angalia pia umbali kati ya b na d. Zikifundishwa wiki moja, mtoto atazichanganya kwa miezi. Ziachane kwa wiki kadhaa.

Kasi ya herufi moja kwa wiki ni ndogo mno: itakula wiki 26 kwa alfabeti tu, na Kiingereza kina sauti zipatazo 44. Sauti 3 hadi 5 kwa wiki, pamoja na marudio ya kila siku, ni mwendo unaobebeka. Baada ya herufi moja moja zifuate jozi kama ck, sh, ch, th na ng, kisha maneno yenye konsonanti zinazofuatana kama stop na frog.

Hatua ya 3: Hesabu maneno ya kitabu

Chukua kitabu cha kusomea kinachoendana na somo la 10. Weka alama kwenye kila neno ambalo mtoto anaweza kulisoma kwa sauti zilizokwisha kufundishwa. Ukipata chini ya maneno 9 kati ya 10, kitabu hakiendani na masomo, na mtoto atajifunza kukisia kwa picha. Kosa hili huonekana baadaye sana, picha zinapopungua.

Maneno yasiyofuata kanuni, kama the, was na said, lazima yawepo, lakini machache kwa wakati mmoja, na programu ieleze ni sehemu gani inakiuka. Katika said, s na d ziko sawa. Ni ai tu inayoshangaza. Programu inayompa mtoto maneno 50 ayakariri kama picha haifundishi foniksi.

Hatua ya 4: Sikiliza rekodi kwa makini

Sauti za m, s, f, n na l zivutwe: "mmm", "sss". Sauti za b, d, g, p, t na k zikatwe fupi, bila irabu nyuma yake. Rekodi inayosema "ba" kwa b itamdhuru mtoto aliyezoea ba, be, bi, bo, bu, maana tayari ana mazoea ya kufunga kila konsonanti kwa irabu. Huyo ndiye anayesoma bat kama "bati".

Hatua ya 5: Chunguza irabu

Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Sikio lililolelewa na Kiswahili husikia cat, cut na cart kama neno moja, na ship na sheep vilevile. Programu nyingi zilitungwa kwa watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza, kwa hiyo zinachukulia kwamba tofauti hizo mtoto ameshazisikia. Matokeo yake mtoto anataka kuandika cup anaandika cap, na mzazi anadhani ni uzembe.

Tafuta mazoezi ya jozi za maneno yenye picha: cat na cut, pen na pan, ship na sheep. Yasipokuwepo, tengeneza kadi 12, yaani jozi 6. Wewe tamka, yeye aelekeze kidole tu, asisome. Anza na irabu zilizo mbali, kama tap na tip. Programu ikileta a na u wiki moja, ahirisha u.

Kwingine mtoto wako ana mtaji. Sh na ch anazo. Th ya thin ni ile ya "thelathini", th ya this ni dh ya "dhahabu", na ng ya sing ni ng' ya "ng'ombe". Mwambie hivyo waziwazi.

Hatua ya 6: Ijaribu wiki 2

Dakika 15 hadi 20, siku 5 kwa wiki. Siku ya 10 mpe maneno ya kubuni, kama nis, tas na nat. Kipimo cha foniksi cha Uingereza, kilichoanza mwaka 2012, hufanya hivyo pia: maneno 40, na 20 kati yake hayana maana, ili kumbukumbu isimsaidie mtoto.

Akitaja sauti sawasawa lakini zikamshinda kuunganisha, programu haina kosa. Rudi kwenye sauti mbili, at na in, kisha ongeza herufi ya mbele. Akisoma nis kama "nisi", rudia hatua ya 4. Akikutazama usoni au kutafuta picha kabla ya kuangalia herufi, amefundishwa kukisia, na hapo badilisha programu.