Ziba jicho moja, kisha la pili

Macho mawili hufichiana siri. Jicho moja likianza kufifia, la pili hubeba kazi yote, na mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kujua. Kwa hiyo mara moja moja ziba jicho moja kwa kiganja (usilibonyeze, utaona ukungu bure), tazama fremu ya mlango, kisha badilisha. Kama una miwani, ivae.

Ukungu, na taa za usiku kutawanya miale, mara nyingi ni mtoto wa jicho: lenzi imepoteza ung'avu, na upasuaji wa kuibadilisha hurudisha uoni kwa wengi. Fremu ikionekana imepinda, au kuna doa katikati ya unachokitazama, huenda shida iko katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hiyo usiicheleweshe hata kidogo. Muone daktari wa macho mapema.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni presha ya macho, yaani glakoma, kwa sababu zoezi hili linaweza lisiigundue kabisa. Kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni, taratibu, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Ukishavuka miaka 40, au kama mzazi au ndugu yako anayo, kapime hata kama unasoma herufi zote. Mwenye kisukari achunguzwe retina kila mwaka.

Ukiona vimulimuli vya ghafla, vidoa vingi vipya vinavyoelea au kama pazia jeusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.