Naibu Spika akikalia kiti: jinsi ya kuongoza kikao cha Bunge

Kifungu cha 107 cha Katiba ya Kenya hakimpi Naibu Spika mamlaka nusu. Spika asipokuwepo, Naibu ndiye anayeongoza, na uamuzi wake una uzito uleule. Tofauti ni kwamba Spika huchaguliwa kutoka nje ya Bunge, ilhali Naibu ni mbunge mwenye chama na wapiga kura. Kwa hivyo pitia Ratiba ya Shughuli mapema. Ukikuta hoja uliyoipigia debe hadharani, au inayogusa mfuko wako, mwachie kiti mjumbe wa Jopo la Spika, yaani wabunge wanaosaidia kuongoza vikao.

Bunge la Taifa hukutana Jumanne na Alhamisi saa nane unusu mchana, na Jumatano asubuhi na mchana. Akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ukumbini, ni wabunge 50. Kwa Seneti ni 15. Kabla ya kupigisha kura, angaza macho ukumbini. Alhamisi jioni viti huwa vitupu, wengi wakiwa wameshashika njia ya mashinani. Wasipofika akidi, ahirisha uamuzi hadi kikao kijacho. Ukilazimisha, mtu atasimama kuuliza kuhusu akidi, kengele italizwa, na idadi isipotimia kikao kitaahirishwa pamoja na shughuli zote zilizobaki.

Anayesimama kwa hoja ya nidhamu, muulize ni kanuni gani imevunjwa. Wengi hawana, wanataka tu kumjibu aliyetangulia. Mkatize kwa upole, ila mkatize. Vilevile aliyeanza kuchangia kwa Kiswahili lazima amalize kwa Kiswahili. Hapa Nairobi, ambako sentensi moja hubeba lugha mbili, kanuni hiyo itakuchosha.

Kazi inayomwumbua Naibu asiyejiandaa ni Kamati ya Bunge Zima, ambako Mswada hupitiwa kifungu kwa kifungu. Hapo unaacha kiti cha Spika, unakaa mezani pa makarani, na unaitwa Mwenyekiti. Anayekuita Spika, msahihishe mara moja.

Usianze na kifungu cha 1. Anza na cha 3, kisha vifungu vipya na majedwali, ndipo urudi kwenye cha 2 chenye tafsiri ya maneno, halafu jina refu, na cha 1 mwisho kabisa. Sababu ni kwamba marekebisho ya katikati yanaweza kuleta neno linalohitaji kufafanuliwa, na kifungu cha 2 kikishapita utakuwa umejifungia mlango.

Kila rekebisho lina hatua zake: mwenye nalo analitoa, unalifungua lijadiliwe, kisha unaliamulisha: wanaokubali waseme Ndiyo, wanaokataa waseme La. Asipokuwepo mwenyewe, rekebisho linaanguka, usimwombee. Kosa la kawaida ni kupitisha rekebisho na kurukia kifungu kinachofuata. Bado hujauliza kama kifungu chenyewe, jinsi kilivyorekebishwa, kiwe sehemu ya Mswada. Weka alama ya kalamu pembeni mwa kila kifungu baada ya kura hiyo ya pili, kamwe si kabla.

Kamati ikimaliza, ripoti yake hupelekwa kwa Bunge, na aliyeiongoza ndiye huisoma. Panga mapema nani atapanda kitini kuipokea, la sivyo ukumbi mzima utawasubiri mkinong'onezana.

Sauti zikikaribiana, usiharakishe kutangaza mshindi. Wakidai kura ya kuhesabiwa kwa mujibu wa Kanuni, wape. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Spika hana kura ya kuvunja sare, ingawa waliozoea mikutano ya vyama vya ushirika huisubiri.

Kuhusu usalama wa kiti chenyewe: Kifungu cha 106 kinahitaji thuluthi mbili ya wabunge kumwondoa Naibu, yaani kwa Seneti ni 45 kati ya maseneta 67. Mei 2020 maseneta 54 walimwondoa Kithure Kindiki, aliyekuwa Naibu Spika wa Seneti, na lawama iliyotajwa na chama chake ilikuwa utiifu kwa chama, wala si jinsi alivyoongoza vikao.