Ukipigwa na askari Kisumu, kimbilia karatasi kabla ya kelele

Mimi niko na kibanda cha M-Pesa upande wa Kondele na kila baada ya miezi kadhaa kuna mtu hunijia kuniuliza "dada, ofisi ya IPOA ni wapi" (ile ya kuchunguza makosa ya polisi), na mara nyingi anakuja wiki tatu zimeisha, jicho lishapona, shati lishafuliwa, na jina la huyo askari hajui. Kesi nyingi hufia hapo, kabla hata korti haijaisikia. Basi wacha niandike venye tulifanya na ndugu yangu mdogo, hata penye tulikosea, juu tulikosea sana.

Ndugu yangu ni mtu wa boda. Alisimamishwa usiku akirudi nyumbani, akaambiwa atoe kitu kidogo, akasema hana, wakamshukia na rungu mkononi na mgongoni, kisha akalala seli mpaka asubuhi akaachiliwa bila kuambiwa kosa lake ni gani.

Kwanza, ukiwa hapo chini unachapwa usianze mambo ya "nitakupeleka IPOA, unanijua mimi". Unajua nani ako na rungu. Nyamaza, linda kichwa, halafu tumia macho. Askari wa uniform anatakiwa na sheria ya polisi ya 2011 awe ameweka jina ama namba yake ya kazi mahali inaonekana, lakini tunajua wengi hufunika na jacket ama reflekta, kwa hivyo usitegemee hiyo peke yake. Angalia namba ya gari, angalia walikuwa wangapi, na sikiza wanaitana nani. Ndugu yangu hakuona jina lolote, lakini alisikia mwenzake akimwita yule wa rungu kwa jina la utani, na hilo jina lilitusaidia kuliko kitu kingine chote, juu wachunguzi wakishajua station na saa, wanaweza kuitisha rejista ya zamu waone nani alikuwa kazini. Ukiachiliwa tu, kabla hujalala, hata kabla hujakula, andika yote kwa simu ujitumie mwenyewe WhatsApp. Hiyo meseji inabaki na tarehe na saa yake.

Kama umekamatwa, Katiba kifungu cha 49 inasema uambiwe sababu kwa lugha unaelewa, unaweza kunyamaza, unaweza kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, ama hayo masaa yakiisha wakati korti imefungwa basi siku ya korti inayofuata. Hiyo ndio maana wanapenda kushika watu Ijumaa jioni, ukifikiria utaelewa. Ukilipa cash bail, dai risiti ya serikali. Bila risiti, hiyo haikuwa bail, ulitoa chai. Na kama mtu wenu amechukuliwa na kila station mnayoenda wanasema hayuko, msizunguke siku tatu mkiuliza, tafuteni wakili aende High Court haraka aombe amri ya polisi kumtoa.

Sasa hospitali. Hapa ndio tulikosea mara ya kwanza. Mama alimkanda na maji ya chumvi, akamlaza, tukaenda Russia siku ya tatu (wa nje ya Kisumu, Russia ni ile referral ya Jaramogi). Daktari anapojaza P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, anaandika jeraha linakaa la siku ngapi na limesababishwa na kitu aina gani, kwa hivyo ukichelewa, wakili wa askari atauliza tu, hizo siku tatu ulikuwa wapi, hukuanguka na pikipiki? Nenda siku hiyo hiyo. Hospitali inakutibu hata kama huna P3, hiyo utaileta baadaye. Na usimwambie daktari "niliumia", sema "nimepigwa na askari kwa rungu, saa fulani, mahali fulani" na uangalie kama ameandika. Zile treatment notes zenye muhuri, piga kopi. Kama ni mtu amenajisiwa, ni hospitali kwanza kabisa, bila kuoga, na kuna fomu yake inaitwa PRC ambayo hujazwa hapo hospitali.

Picha pia. Piga ya mbali inayoonyesha uso na jeraha pamoja ijulikane ni wewe, halafu ya karibu na shilingi ishirini kando ili ukubwa uonekane. Rudia kila siku kwa siku tano hivi, juu alama ya rungu hubadilika, siku ya kwanza ni wekundu tu, siku ya tatu ndio inatoka ile michirizi miwili sambamba kama reli. Ya ndugu yangu hivyo ndivyo ilitoka, na hata mtoto angeona hiyo si ya kuanguka kwa lami.

Nguo usifue! Jacket yake ya kijani ilikuwa na alama ya kiatu mgongoni na damu kwa mkono. Anika ndani kivulini ikauke, halafu weka kwa mfuko wa karatasi ya khaki, usitumie nailoni, juu damu mbichi ikifungiwa kwa nailoni huoza na kushika ukungu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 khaki ziko kila duka, hiyo marufuku ilinisaidia mara moja maishani.

Twende OB, kile kitabu cha station cha kuandika ripoti. Ndio, unaenda station kuripoti askari kwa askari, najua inakaa aje. Si lazima iwe station ile ile, enda nyingine, na usiende peke yako, enda na mtu mzima anayeheshimika, sisi tulienda na mzee wa mtaa. Askari wa dawati atakusikiliza, ataandika mistari miwili kwa kile kitabu kikubwa, na atakuambia "haya, imeisha." Haijaisha. Mwambie kwa heshima, "Afande, naomba unisomee ulichoandika." Yetu aliposoma, ilikuwa inasema mlalamishi aliumia baada ya kuanguka na pikipiki. Hivyo tu! Mzee akasema pole pole, "Afande, hatujasema ameanguka, tumesema amepigwa." Kukawa kimya kirefu, akaandika ingine. Kisha akatupatia namba kwa kikaratasi, huwa inaanza na namba ya ripoti halafu tarehe, mwezi na mwaka. Hiyo namba usipoteze, na uitishe P3 hapo hapo. P3 hainunuliwi.

Kuna mtego mwingine hakuna mtu husema, saa. Wewe unaongea saa mbili usiku, askari anaandika kwa Kiingereza, inatoka 2am. Halafu kortini unaambiwa saa mbili ulikuwa tayari seli, sasa nani alikupiga barabarani? Kila mahali unapotoa statement sema "saa mbili usiku, yaani 8pm". Na hii "usiku wa Jumatano", taja tarehe, juu kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumatano. Usitie sahihi kitu hujasoma ama hujasomewa.

Baada ya hapo ndio IPOA. Ni ya kiraia, haiko chini ya polisi, iliundwa na sheria ya 2011, na iko na ofisi Kisumu, Kakamega, Nakuru na Eldoret, usidhani lazima upande basi ya Nairobi. Simu ya bure ni 1559. Kushtaki hulipii chochote, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe. Kiswahili kinatosha, usitafute maneno makubwa. Yetu ilianza hivi: "Tarehe fulani saa 8pm nikiwa kwa pikipiki, karibu na kanisa, nilisimamishwa na askari wanne wenye uniform, mmoja aliitwa jina hili na mwenzake. Alinipiga rungu mara tano hivi, mkono wa kushoto na mgongo." Basi. Usiongeze. Ukisema walikuwa kumi na walikuwa wanne, hata ule ukweli hautaaminika. Peleka kopi za kila kitu, baki na original, na kopi yako wapige muhuri ya kupokea. Unaweza peleka pia kwa Internal Affairs ya polisi wenyewe, lakini mimi singeenda huko peke yake. Kama ni mambo ya hongo, EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, ni 1551.

Hapo kwa hongo nisikilize, juu M-Pesa ndio kazi yangu. Askari mjanja akitaka umtumie pesa kwa simu hakupi namba yake, anakupa ya mwenye duka ama ya kijana wa boda. Usione haya na usifute hiyo meseji ya M-Pesa, inaonyesha pesa ilienda wapi na saa ngapi, na mwenye hiyo namba anaweza kuulizwa alimpa nani.

Jua pia IPOA haifungi mtu, inachunguza inapeleka faili kwa DPP, yule mkurugenzi wa mashtaka ya umma, na inachukua muda mrefu. Mtoto Samantha Pendo, miezi sita, alipigwa nyumbani kwao Nyalenda, hapa Kisumu, Agosti 2017 kwa zile fujo za uchaguzi, akafa. Inquest, yaani uchunguzi wa korti kuhusu kifo, ya hapa Kisumu ilisema 2019 kwamba polisi walihusika, na DPP akaidhinisha mashtaka Oktoba 2022. Miaka mitano! Ukitaka fidia usingoje hayo yote, juu kesi ya kawaida ya madai dhidi ya serikali inafaa ifike kortini ndani ya miezi 12 tangu siku ulipoumizwa. Ya haki za kikatiba haina huo mpaka lakini korti itakuuliza mbona umechelewa. Muone wakili mapema, na kama huna pesa uliza National Legal Aid Service ama social justice centre ya mtaani.

Kama mtu amekufa mikononi mwa polisi, msikubali azikwe haraka, na postmortem isifanywe bila daktari wa familia kuwa ndani, IMLU, shirika la haki za binadamu lenye madaktari, husaidia na hiyo. Mwalimu Albert Ojwang wa Homa Bay alipokufa seli Nairobi Juni 2025, polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Ni postmortem ndio ilikataa hiyo hadithi.

Na hatari iko, sidanganyi. Yule mtu wa boda Josephat Mwendwa alikuwa ameshtaki askari kwa IPOA, akauawa 2016 pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi. Kwa hivyo watu kadhaa wajue unaenda wapi kila siku ya kesi, kopi zikae nyumba mbili tofauti, na ukitishwa, ripoti hicho kitisho siku hiyo hiyo kama kesi mpya.

Kwetu walikuja Jumapili, wazee wawili na jamaa mmoja hatumjui, "tumalizane kama ndugu", na bahasha. Mama aliwapa chai ya maziwa. Bahasha haikufunguliwa, na nikaandika majina ya wale wawili na saa waliyoingia.

Mchunguzi alipokuja kuchukua ile jacket aliandika kwa fomu "jacket moja", nikamwomba aongeze "ya kijani, iko na alama ya kiatu mgongoni". Aliniangalia, akaongeza, akatia sahihi, na mimi nikapiga picha hiyo fomu kabla hajafunga begi.