Kashata Nzima, Tairi Chakavu: Kuamua Kubadilisha Matairi ya Tela Kabla ya Safari Ndefu

Mwenye tela la kulala anayejiandaa kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya au Moshi kwa kawaida huinama, hutazama kashata za matairi, yaani zile nundu za mpira zinazogusa lami, na akiona bado zimesimama huridhika kwamba matairi ni mazima. Kwa gari linalotembea kila siku ukaguzi huo unasaidia, kwa sababu tairi la gari kama hilo mara nyingi huisha kabla halijazeeka. Kwa tela mambo ni kinyume. Tela hukaa uani Mbezi, Tegeta au Kigamboni kwa miezi mingi, hutoka mara chache kwa mwaka, na matairi yake huzeeka yakiwa na kashata zinazokaribia upya. Ndiyo maana ninashauri uamuzi wa kubadilisha uanze na umri, uende kwenye uzito, kisha kwenye mambo ambayo tairi limepitia, na kashata ziwe za mwisho kuulizwa.

Kazi hii ifanywe wiki tatu kabla ya safari, wala isingojee jioni ya kuamkia siku ya kuondoka. Anayegundua nyufa usiku wa mwisho hununua tairi lolote litakalopatikana, au hujipa moyo na kuondoka hivyo hivyo, na njia zote mbili ni mbaya. Mwenye muda huweza kuzunguka maduka ya Kariakoo na Gerezani, kulinganisha, na kulikataa tairi lisilomfaa.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Tafuta herufi DOT na ufuate mfululizo wa herufi na tarakimu hadi mwisho wake. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe, mbili za kwanza zikiwa ni wiki na mbili zinazofuata zikiwa ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, na fundi akiwa amelifunga tairi upande huo ukiangalia ndani, itakubidi ulale chini ya tela ukiwa na tochi. Pakiwa na vumbi gumu, futa kwa kitambaa kibichi, kisha pitisha chaki juu ya maandishi: chaki hushika sehemu zilizoinuka, na namba husomeka vizuri. Andika tarehe ya kila tairi kwenye daftari, pamoja na ya spea, kwa maana spea iliyoning'inia chini ya tela huzeeka sawa na wenzake hata kama haijawahi kugusa lami. Mfululizo ukiishia na tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halina tena mjadala.

Kuzeeka huku kuna sababu yake. Mpira wa tairi huchanganywa na nta na kemikali za kuukinga na jua na hewa ya ozoni, na kinga hiyo hupanda hadi kwenye uso wa mpira pale tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi lililosimama halijikunji, hivyo uso wake hukauka huku jua la Dar likiupiga upande mmoja mchana kutwa. Uzito wa tela nao hukandamiza sehemu ile ile miezi nenda miezi rudi. Mwenye tela lililoagizwa kutoka nje likiwa limeshatumika awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa matairi yaliyokuja nalo yanaweza kuwa yamekaa sana kwenye yadi ya huko kabla hata ya kupakiwa melini.

Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6, na baadhi ya watengenezaji wa matairi huweka miaka 10 kuwa kikomo cha juu kabisa. Kwa tela ningekuwa mkali zaidi ya hapo. Tairi lisilozidi miaka 3 na lisilo na kasoro, nenda nalo. Kati ya miaka 3 na 5, lichunguze kama nitakavyoeleza hapa chini na uwe tayari kulikataa. Likivuka miaka 5, na mbele yako kuna zaidi ya kilomita 800 za kwenda Mbeya kwenye joto, libadilishe. Na likivuka 6, lisitoke hata getini likiwa limebeba mzigo.

Baada ya umri, pima uzito. Hapa ndipo matela mengi huharibika, kwa sababu anayepakia huhesabu vitu na hakuna anayehesabu kilo. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100. Ongeza mtungi wa gesi, betri, jokofu, turubai, viti, mkaa, na zile ndoo za embe au magunia ya viazi ambayo hayakuwamo kwenye mpango lakini hununuliwa njiani wakati wa kurudi. Peleka tela likiwa limepakiwa kikamilifu kwenye mizani ya kulipia, hata ile ya yadi ya vyuma chakavu, upate uzito halisi badala ya makadirio.

Chukua mfano wa tela la ekseli moja lenye kilo 1,400. Takriban asilimia 10 ya uzito huo, yaani kilo 140, hubebwa na gari kupitia ndoano, na kilo 1,260 zinazobaki hugawanywa kwa matairi mawili: kilo 630 kila moja, tukichukulia kwamba mzigo umepangwa sawa kulia na kushoto, jambo ambalo ni nadra. Sasa soma ubavuni. Baada ya ukubwa wa tairi kuna namba na herufi, kwa mfano 91T au 106/104R. Namba hiyo ni kiwango cha uzito: 91 ni kilo 615, 95 ni kilo 690, 98 ni kilo 750, 100 ni kilo 800. Tairi la 91 limeshazidiwa kabla safari haijaanza, na la 95 linaponea chupuchupu. Mimi hutaka akiba ya angalau asilimia 20 juu ya hesabu, hivyo kwa tela hili ningetafuta 100 au zaidi. Tairi la 195R14C, ambalo fundi yeyote wa Dar analijua kwa kuwa hufungwa pia kwenye magari madogo ya mizigo, huwa na 106/104, yaani kilo 950 likifungwa peke yake na 900 yakifungwa mawili mawili. Kwa matela mengi madogo hilo ni chaguo zuri, mradi ringi na nafasi chini ya bodi vinaliruhusu.

Kama matairi uliyonayo hayafikii uzito wa tela, uamuzi umekwisha hata kama yametengenezwa mwaka huu. Herufi inayofuata namba ni ya mwendo: J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120, N ni 140. Matairi yaliyotengenezwa mahususi kwa matela, yenye herufi ST mbele ya ukubwa, mengi hayakuundwa kwa mwendo wa kuzidi kilomita 105 kwa saa. Anayevuta tela hana sababu ya kufika huko, lakini mteremko na haraka ya kuwahi giza huweza kumfikisha bila yeye kutambua.

Uchunguzi wa mkono na macho ufanyike asubuhi, tairi likiwa la baridi na tela likiwa limeinuliwa kwa jeki na kuwekewa vigingi. Bonyeza kidole gumba kwa nguvu kwenye ubavu, karibu na ringi na tena karibu na bega la tairi, kisha tazama mpira unavyojikunja. Nyufa ambazo hazikuonekana hufunguka hapo hapo. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizo juu juu tu, zinaweza kuvumiliwa kwenye tairi changa. Ufa unaopokea ncha ya ukucha, au unaoonyesha nyuzi ndani yake, unamaliza maisha ya tairi hilo. Tazama pia kwenye mifereji kati ya kashata, kwani huko ndiko nyufa hujificha. Halafu zungusha gurudumu polepole huku kiganja kikiwa juu ya kashata. Ukihisi wimbi, nundu au sehemu iliyobonyea, waya za ndani zimeanza kuachana, na tairi la namna hiyo halifai hata kwenda Kibaha. Uvimbe ubavuni nao ni vivyo hivyo.

Kashata zenyewe zina vituta vidogo ndani ya mifereji vinavyoonyesha milimita 1.6, mpira ukifika usawa wa vituta, tairi ni kipara. Muhimu zaidi ni namna zilivyolika. Zikilika upande mmoja, shaka iende kwenye ekseli iliyopinda au mzigo mzito upande huo, na tairi jipya litakalofungwa hapo bila kurekebisha chanzo litaliwa vile vile. Zikilika pande zote mbili na kubaki katikati, tela limekuwa likitembea na upepo mdogo.

Hilo la upepo mdogo ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote, kwa sababu madhara yake mabaya zaidi huwa ndani, yasikoonekana kwa nje. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto ndani ya ubavu, na joto hulegeza gundi iliyoshikilia tabaka zake. Dereva aliye kwenye Land Cruiser yenye nguvu hahisi chochote. Tela humfuata tu mpaka aone moshi kwenye kioo au dereva wa basi amwashie taa. Ukijua au ukishuku kwamba tairi liliwahi kutembea bila upepo, hata kwa kilomita chache, mwambie fundi alitoe kwenye ringi. Mkiona ndani kuna unga mweusi wa mpira, au mstari uliosuguka kuzunguka ubavu wote, ukuta umeshasagika na halizibiki. Mafundi waaminifu watakuonyesha wenyewe. Wengine watalipuliza upepo na kusema liko sawa, kwa hiyo simama hapo na uangalie kwa macho yako.

Pancha iliyozibwa katikati ya kashata kwa kiraka cha ndani haina tatizo. Iliyozibwa begani au ubavuni, likatae.

Ikiwa tela lina ekseli mbili na tairi moja lilipasuka siku za nyuma, jirani yake wa upande ule ule lilibeba mzigo wa mawili mpaka gari liliposimama. Watu hubadilisha lililopasuka na kulisahau jirani, kisha hushangaa linapopasuka kwenye safari inayofuata. Yabadilishwe yote mawili, au angalau jirani lifunguliwe na kukaguliwa ndani.

Ukishaamua kubadilisha, badilisha ekseli nzima. Usichanganye matairi ya radiali (yenye R katikati ya ukubwa, kama 195R14C) na yasiyo ya radiali, wala ya ukubwa tofauti. Dukani soma tarehe kabla ya kulipa: tairi linaloitwa jipya linaweza kuwa limekaa miaka mitatu likianikwa mbele ya duka kama tangazo. Mimi hukubali lisilozidi mwaka mmoja. Matairi ya mtumba sishauri kabisa kwa tela la safari ndefu, na ya kuchongwa hata kidogo, kwa sababu mfereji uliochongwa upya hauondoi umri wala hauonyeshi tairi lilipita wapi. Valvu zibadilishwe pamoja na matairi. Za mpira za kawaida zinatosha mpaka upepo wa paundi 65 hivi, na zaidi ya hapo weka za chuma. Kwa walio karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, ringi isuguliwe kutu pale inapokutana na tairi, la sivyo upepo utavuja kidogo kidogo hata tairi likiwa jipya. Yale ya zamani yakate ubavu kabla ya kuyaacha, yasije yakarudi sokoni; mtengeneza katambuga bado atayatumia.

Gharama ya matairi mawili inauma, ninalijua hilo, lakini ilinganishwe na kinachotokea tairi linapopasuka: kipande cha mpira chenye waya huchapa sakafu ya tela, hukata nyaya za taa na za breki, na chini ya matela mengi bomba la gesi hupita hapo hapo. Fikiria pia mahali. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, ambako hakuna anayependa kupiga magoti kando ya jeki. Mbele yake ni bonde la Ruaha Mbuyuni lenye joto kali, na mara tu baada ya joto hilo mlima wa Kitonga, wenye kona kali na malori yanayopanda kwa taabu, pasipo na nafasi ya kuegesha tela lililopasukiwa.

Fanya safari fupi ya majaribio, kama ya Bagamoyo na kurudi, tela likiwa na mzigo wake wote. Siku ya kuondoka, jaza upepo alfajiri kabla ya kutembea, kwa kiwango alichoandika mtengenezaji wa tela au, kwa matairi ya ST, kwa kawaida kile cha juu kilichoandikwa ubavuni. Mchana geji itasoma zaidi, takriban paundi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto lililoongezeka, na hilo ni la kawaida. Usipunguze upepo tairi likiwa la moto, maana jioni litakuwa pungufu. Kaza nati tena ukifika Chalinze, ambako utakuwa umetembea kama kilomita 100. Kila unaposimama, gusa matairi yote kwa kiganja, moja baada ya jingine. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, pima upepo wake likiwa hapo hapo, na upepo ukiwa sawa, gusa kitovu cha gurudumu: joto likitoka huko, tatizo ni beringi au breki iliyoshika, na safari isubiri mpaka fundi alifungue.